Kapsuli za bakteria kwa ajili ya chunusi: wiki 12, makopo 3 na shavu moja lililogoma

Mimi ni msusi. Kazi yangu naifanya nimesimama mbele ya kioo kikubwa tangu saluni inafunguliwa hadi taa zinapozimwa, na mteja akishakaa kitini tunakuwa nyuso mbili ndani ya kioo kimoja, yake na yangu. Kwa hiyo anayeniuliza kwa nini mwanamke wa miaka 34 ahangaike na chunusi kama msichana wa sekondari, jibu lake ndilo hilo. Wenzangu wanajitazama asubuhi wakipiga mswaki, basi. Mimi najitazama saa tisa mfululizo, tena kwa taa nyeupe isiyomwonea mtu haya.

Bidhaa ninayoizungumzia ni kapsuli za probayotiki, yaani bakteria hai waliokaushwa wakawa unga, wanaouzwa kwa ahadi kwamba watasafisha ngozi kwa kupitia tumboni. Jina la kampuni silitaji. Nimesoma lebo za makopo mengine manne ya namna hiyo na yanafanana kama mapacha, hivyo nitakayosema yatamfaa hata aliyeshika kopo la rangi nyingine. Nilikunywa kapsuli mbili kila siku kwa wiki 12 kamili, makopo matatu ya kapsuli 60. Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: kwa ngozi naipa nyota 2 kati ya 5. Kwa tumbo, nyota 3. Kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi nakipa nyota 4, na nitaeleza ilikuwaje karatasi ikaishinda dawa.

Ilianza hivi. Daktari wa ngozi alikuwa amenipa doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, kwa miezi mitatu, pamoja na krimu ya kupaka usiku. Chunusi zilipungua, tumbo likavurugika. Siku nyingine naenda chooni mara nne, siku nyingine siendi kabisa. Dozi ilipoisha, chunusi zikaanza kurudi mojamoja kama wapangaji waliosahau vitu vyao. Wiki hiyohiyo mteja wangu mmoja, yuko chini ya draya na rola kichwa kizima, akanitazama kwenye kioo akasema, "Shoga, unapakapaka nini usoni wakati ugonjwa uko tumboni?" Aliyeko chini ya draya hajui kwamba anapiga kelele. Saluni nzima ilisikia. Kisha akafungua mkoba akatoa kopo.

Sikuwa mjinga wa kuamini tu. Wala sikuwa mjanja wa kukataa, kwa sababu maneno yake yana mizizi mirefu. Mwaka 1930 madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, John Stokes na Donald Pillsbury, waliandika kwamba msongo wa mawazo huweza kuvuruga bakteria wa utumbo, utumbo nao ukapitisha visivyotakiwa kupita, na ngozi ikawaka. Dawa mojawapo waliyopendekeza ilikuwa maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria aina ya acidophilus. Mwaka 1961 daktari mwingine wa hukohuko, Robert Siver, aliwapa wagonjwa 300 vidonge vya bakteria, na asilimia 80 wakaonekana kupata nafuu. Namba hiyo ya 80 utaikuta imebandikwa kila mahali panapouzwa kapsuli hizi. Kisichobandikwa ni kwamba hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha, watu waliomeza kidonge kitupu bila kujua. Chunusi zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe, na mtu huenda kwa daktari siku ambazo hali ni mbaya zaidi. Baada ya hapo, hata ukimpa maji ya bomba, kuna uwezekano mkubwa zitapungua.

Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kopo lilikuwa zuri, jeupe, lenye kifuniko kinachofunga kwa mlio. Nikanunua.

Sasa lebo. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: bakteria bilioni 50, aina 12. Bilioni 50 ni namba ya kumfanya mtu akae chini. Lakini watafiti waliokaa wakahesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwamba mtu mzima anabeba bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na seli zake mwenyewe. Trilioni 38 ni bilioni 38,000. Kwa hiyo kapsuli yangu ilikuwa inapeleka wageni 50 kwenye mji wenye wenyeji 38,000, na wengi wa wenyeji hao wako kule mwisho, kwenye utumbo mpana.

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Tumbo kwetu ni kila kitu: panapouma, panapokaa mimba, panaposhiba. Bakteria wenyewe wanajua tofauti. Lile tumbo la kwanza, linalopokea chakula, lina asidi kali inayoua wengi wao kabla hawajavuka. Mkaidi anayejulikana sana kwa kuishi humo ni Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, yule ambaye daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili athibitishe kwamba anaumiza, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Huyo naye amewahi kushtakiwa kwa mambo ya ngozi, hasa wekundu wa mashavu uitwao rosasea, ila tafiti zake hazikubaliani. Kwa kapsuli swali ni jingine: wangapi wanafika hai? Lebo yangu haikusema kama ganda linavumilia asidi. Ilisema "fomula ya kisasa".

Nyuma ya kopo, kwa maandishi ya kutafutia miwani, palikuwa na maneno manne yaliyonichefua zaidi ya yote: "idadi wakati wa kutengenezwa". Yaani bilioni 50 walihesabiwa siku kopo linafungwa kiwandani. Bakteria waliokaushwa wanaendelea kufa taratibu kila mwezi, na joto huwaharakisha. Kopo la kwanza nililipokea likiwa limebakiza miezi saba kuisha muda, na kifurushi kilikuwa cha moto mkononi, kwa sababu kimezunguka kwenye gari mchana kutwa. Lebo inasema hifadhi mahali pa baridi. Nimeweka kwenye friji, lakini mtu aliyekwisha kuungua ukimweka kwenye barafu haponi. Watengenezaji waangalifu huandika idadi inayohakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda. Ukiwa dukani, tafuta maneno hayo kwanza kabla hujatazama namba.

Na majina. Bakteria mzuri wa kwenye utafiti ana majina matatu, la mwisho likiwa herufi au namba. Lactobacillus rhamnosus GG, kwa mfano, GG ni herufi za kwanza za Gorbach na Goldin, waliompata. Kwenye kopo langu palikuwa na Lactobacillus rhamnosus, nukta. Hiyo ni sawa na kuniambia "anakuja mtu wa ukoo wenu kukusuka". Yupi? Katika ukoo mmoja kuna fundi na kuna anayeunguza nywele. Nikawaandikia wauzaji kuuliza herufi za mwisho za hizo aina 12. Jibu likaja baada ya siku sita, limejaa vikopa na maua: hizo ni siri za kibiashara, mpendwa. Kwa jibu hilo pekee nimeondoa nyota moja nzima. Siri ya biashara ni jinsi ya kutengeneza, si jina la ninachomeza.

Wiki ya kwanza nilijaa gesi. Nitasimulia kidogo kwa sababu tathmini nyingi zinaruka hapa. Siku ya nne nilikuwa namwosha nywele mteja, kichwa chake kiko kwenye sinki, sikio lake liko karibu kabisa na tumbo langu, na tumbo likaanza kunguruma. Si mngurumo wa njaa, bali kama mtu anasogeza kabati ghorofani. Mteja akafumbua macho. Nikafungua maji kwa nguvu zaidi. Kuanzia siku hiyo hadi wiki ya pili, nikisikia dalili, nawasha draya ya mkononi hata kama hakuna nywele za kukausha. Binti anayejifunza kazi kwangu alidhani nimeharibikiwa akili. Hali hiyo ni ya kawaida na kwa wengi huisha yenyewe, na kwangu iliisha. Ila kama kazi yako ni ya kukaa karibu na masikio ya watu, anza siku ya mapumziko.

Kipimo changu kilikuwa hiki. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kufungua, uso haujapakwa kitu, kwenye kioo kilekile na taa ileile, binti ananihesabia chunusi: shavu la kushoto na taya lake, kisha la kulia. Yeye anahesabu, mimi naandika nyuma ya daftari la miadi. Sikutaka kuhesabu mwenyewe kwa sababu mtu aliyelipa pesa macho yake hupendelea. Jumapili ya kwanza: kushoto 23, kulia 9. Wiki ya nne: kushoto 24, kulia 9. Hapo nikawaandikia tena wauzaji. Wakasema nivumilie, "sumu zinatoka", ngozi inajisafisha kwanza. Hili la sumu naomba tulizike. Ngozi si mtaro. Taka za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, hazipangi foleni mashavuni zikisubiri kapsuli izifungulie mlango. Na angalia uzuri wa jibu hilo kwa muuzaji: chunusi zikipungua, dawa inafanya kazi, zikiongezeka, dawa inafanya kazi sana.

Kwa haki, wiki nne ni mapema. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa takriban mwezi, na hata krimu za daktari huwa wanakuambia usubiri wiki nane hadi 12. Kwa hiyo nikaendelea.

Wiki ya nane: kushoto 21, kulia 5. Wiki ya 12: kushoto 22, kulia 4.

Nikafurahi kwa kulia. Nilikuwa tayari kuandika tathmini ya nyota nne, kichwa cha habari nimeshakiwaza. Binti akafunga daftari, akalishika kifuani, akasita kama anayetaka kuomba ruhusa ya kutoka mapema.

"Dada, samahani lakini."

"Sema."

"Tumbo lako lina upande?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Miezi mitatu nahesabu pande mbili za uso na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni mbili. Kama chanzo ni bakteria wa utumboni, na kinachosafiri kinasafiri kwa damu, basi damu haina shavu inalolipenda. Ingekuwa kulia na kushoto kwa pamoja, kupanda pamoja na kushuka pamoja. Uso wangu ulikuwa unasema kitu kingine waziwazi kwenye kioo changu mwenyewe, na nilikuwa nimeshughulika kusoma lebo.

Nikarudi kwa daktari wa ngozi. Hakulitazama kopo. Aliniambia, "Nionyeshe unavyofanya kazi." Nikasimama katikati ya ofisi yake, nikashika chanuo lisilokuwepo, nikaanza kusuka kichwa cha hewa. Akaniuliza simu ikiita nafanyaje. Nikainua bega la kushoto nikaibana hapo hewani, kati ya bega na shavu, mikono ikiendelea. Akauliza mafuta ya nywele nayaweka wapi nikisuka. Nayaweka mgongoni mwa mkono wa kushoto, kila msusi anafanya hivyo, unachota kidogokidogo kwa kidole. "Na ukiwashwa kidevuni?" Mkono wa kushoto ulikuwa umeshafika taya kabla hajamaliza swali.

"Chunusi za mafuta ya nywele tunazijua zamani," akasema. "Mara nyingi zinakaa kwenye paji la uso la mwenye nywele. Wewe umezipata kwa nywele za wenzako."

Niliacha kapsuli siku hiyo, zikiwa zimebaki 12 kwenye kopo la tatu. Mafuta nikayahamishia kwenye kibakuli, simu nikaiweka kwenye spika, mikono nanawa kila baada ya kichwa. Krimu ya usiku sikuibadilisha. Wiki ya nne baada ya hapo: kushoto 12, kulia 4. Wiki ya nane: kushoto 7, kulia 5.

Tazama kulia. Kapsuli zimeondoka wiki nane, na kulia hakujarudi kwenye 9. Sasa nini kilizishusha chunusi za huko?

Ndipo tunafika kwenye kikaratasi. Ndani ya boksi la kwanza kulikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane, ambayo watu wengi huitupa pamoja na ile pamba ya juu. Inasema, ili kapsuli zifanye kazi vizuri, punguza sukari na vinywaji vitamu, kula mboga, matunda, jamii ya maharage na nafaka zisizokobolewa. Mimi ni mtiifu wa maelekezo. Nilikuwa nakunywa soda mbili kwa siku, moja asubuhi na moja saa tisa miguu inapoanza kuuma, na niliziacha siku ileile niliyoanza kapsuli. Nikaanza kubeba maharage na mboga kutoka nyumbani. Nilipoacha kapsuli sikurudia soda, maana hamu yake ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo nilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja, kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi wangu. Huwezi kubadili shampuu na rangi siku moja kisha ukajua kipi kimemkata mteja nywele. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nachagua soda. Sukari inayoingia kwa kasi hupandisha insulini, insulini huchochea homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, na hiyo huvisukuma vitezi vya mafuta ya ngozi vifanye kazi kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana wa kiume 43 wenye chunusi kwa wiki 12: waliopewa mlo usiopandisha sukari ya damu haraka walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao waliokula kama kawaida. Njia hiyo inatoka tumboni kwenda usoni na haihitaji bakteria hata mmoja wa kununuliwa.

Na wale bakteria wa bure, wenyeji wangu bilioni 38,000? Maharage na mboga ni chakula chao. Nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya zinafika kwenye utumbo mpana nzimanzima, wao wanazichachusha na kutoa asidi ndogondogo za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo huo, ukuta wenye unene wa seli moja tu kati ya uchafu na damu. Asidi hizo pia huwatuliza askari wa kinga ya mwili, ambao wengi wamepiga kambi hapohapo utumboni. Askari akiwa na hasira tumboni anaweza kugombana hata mbali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mambo ya tumbo na ngozi ni porojo. Kuna ugonjwa ambapo glutini ya ngano, shayiri na rai inamchokoza mtu utumboni, naye anatokwa na malengelenge yanayowasha kwenye viwiko, magoti na makalio. Akiacha glutini kabisa, ngozi inatulia baada ya muda. Huko Italia mwaka 2008 waliwapima wagonjwa 113 wa rosasea, wakakuta karibu nusu yao wana bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, na walipotibiwa kwa antibiotiki isiyoingia sana kwenye damu, nyuso za wengi zikapona. Barabara ipo. Ninachobisha ni kwamba kopo langu lilikuwa limepanda gari linalofika.

Kuna jambo jingine lililonikereketa, nalo linahusu tumbo lenyewe. Nilianza kapsuli wiki moja tu baada ya kumaliza doksisaiklini, kwa sababu kila mtu husema ukitoka kwenye antibiotiki, rudisha bakteria wazuri. Mwaka 2018 taasisi ya Weizmann ya Israeli ilitoa majibu ya kuwatazama watu waliomaliza antibiotiki. Waliopewa kapsuli zenye aina 11 za bakteria walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa tu bila kupewa kitu. Wageni walikalia viti, wenyeji wakakosa pa kukaa. (Kundi la tatu, lililorudishiwa kinyesi chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa, lilipona kwa siku chache. Hiyo sijaona ikiuzwa kwenye kopo jeupe.) Taasisi hiyohiyo ilionyesha pia kwamba kuna watu ambao bakteria wa kapsuli wanashika makazi kwa muda, na kuna wengine ambao wanapitiliza moja kwa moja hadi chooni. Choo changu kilitengemaa wiki ya tatu, na hiyo ndiyo sababu ya nyota 3 za tumbo. Siwezi kuzipandisha, kwa sababu maharage yalianza siku hiyohiyo.

Dada yangu mdogo ni mjamzito, na mtoto wake wa kwanza ana ukurutu viwikoni na nyuma ya magoti. Aliposikia nina kapsuli akataka kopo mbili, moja lake na moja la mtoto. Nikamwambia mambo mawili hayo tusiyachanganye. La mimba lina kisa cha kweli: mwaka 2001 Wafini walitoa matokeo ya akina mama 159 kutoka familia zenye mzio, nusu wakipewa ile GG kabla ya kujifungua na miezi sita baada ya hapo, na watoto wao walipofika miaka miwili, waliopata ukurutu walikuwa asilimia 23 dhidi ya 46. Wajerumani wakajaribu jambo hilohilo wakatoa matokeo mwaka 2008, na hawakuona tofauti. Kwa mtoto ambaye tayari anao, habari ni fupi zaidi. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 39 yenye watu 2,599, yakahitimisha kwamba probayotiki huenda hazileti nafuu yoyote ya maana kwa ukurutu. Nikamwambia pia kuwa bakteria hai si pipi. Kwa mwenye kinga dhaifu au mgonjwa mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu wanaweza kuingia kwenye damu, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti. Akanuna siku mbili, kisha akaenda kumwuliza mkunga wake, jambo ambalo angelifanya mwanzo.

Sijasema hakuna atakayefaidika. Kuna jaribio dogo la mwaka 2016, watu wazima 20 wenye chunusi, wiki 12, aina moja ya bakteria iliyotajwa kwa jina lake lote, SP1, na waliopewa walifanya vizuri kuliko waliopewa kitupu. Ishirini ni wachache, wateja 20 hawanitoshi hata siku mbili. Lakini angalau wale walijua wanammeza nani. Kwa hiyo ukinunua, nunua yenye majina matatu, yenye idadi hadi siku ya mwisho, kwa muuzaji aliye na friji, na usibadili kitu kingine chochote hadi wiki 12 ziishe. Ukiwa na chunusi zenye usaha na maumivu au zinazoacha mashimo, usipoteze hizo wiki 12, nenda kwa daktari moja kwa moja.

Yule mteja wa draya alikuja wiki iliyopita. Ananitazama kwenye kioo, akatabasamu kwa ushindi. "Nilikwambia mimi! Tumbo!" Saluni nzima ikasikia tena. Sikubishana na mtu mwenye rola kichwani. Nilimpa kile kikaratasi, nikamwuliza kama chake alikisoma. Akasema alikitupa na pamba.

Kapsuli 12 zilizobaki nimezitupa, na makopo yote matatu nimeyaosha. Sasa yanatunza pini: nyeusi, kahawia, na zile ndogo za maharusi. Yanafunga vizuri, hayaingii unyevu, na ule mlio wa kifuniko bado unaniburudisha. Kwa kopo, nyota 5.